Kofia Mbili na Mwanya wa Mama

Meno yangu mawili ya mbele yalivunjika katika juma la kwanza la Kwaresima, saa kumi za jioni, nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba natafuna matobolwa. Kwa msomaji asiye wa kwetu: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Watu wenye akili huvila na chai, au huviloweka kwanza. Mimi katika Kwaresima nilikuwa na desturi ya kuvila vikavu, bila chai na bila karanga, kama mfungo wangu wa jioni. Hakuna padri aliyeniagiza. Nilijiwekea mwenyewe nikiwa kijana, wakati meno yangu yangeweza kuvunja mfupa, nikaendelea mwaka hadi mwaka bila kuyauliza kama bado yanakubali.

Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu. Nikatema kiganjani. Palikuwa na kipande cha kiazi, na pembeni yake vipande viwili vyeupe ambavyo havikuwa kiazi.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele hatua chache kutoka pale. Akauweka ungo chini, akaja, akatazama kiganja changu, akanifungua mdomo kwa vidole vyake kama anavyowafanyia wajukuu.

"Baba watoto," alisema, "Mungu alikuomba moyo. Wewe umempa meno."

Kisha akaenda kunichemshia maji ya chumvi, na lile debe la matobolwa ambalo binti yetu alikuwa ametuletea kutoka Usinge akalihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda.

Tunaishi karibu na Kipalapala, upande wa mashamba, mahali ambapo kengele ya seminari inasikika upepo ukiwa mzuri. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa katekista wa kigango chetu. Nimefundisha dini watoto, kisha watoto wa watoto hao, na wengine wao sasa wana mvi. Nilipostaafu, kazi moja tu niliomba nibaki nayo, nikaachiwa. Kila Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, mimi ndiye niliyesoma Mateso ya Bwana.

Kwetu Mateso husomwa na watu kadhaa. Padri husoma maneno ya Kristo. Msomaji mwingine husoma ya Petro, ya Pilato na ya wengineo. Waumini wote kwa pamoja ndio umati. Na yupo msimulizi, anayebeba habari yote kutoka bustanini mpaka kaburini. Msimulizi alikuwa mimi. Nilijua kila mahali pa kuvuta pumzi. Nilijua mahali ambapo akina mama wa mbele huanza kulia, na mahali ambapo inanipasa kunyamaza kabisa, Bwana anapokata roho na watu wote wanapiga magoti.

Asubuhi yake nilikwenda nyuma ya zizi la mbuzi na kitabu changu, nikasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Yalitoka maneno, ukatoka na upepo, yakatoka na mate. Mbuzi walinitazama. Nikafunga kitabu.

Niseme wazi nilichoogopa. Sikuogopa kuonekana mzee, maana mzee ni mimi. Niliogopa kicheko. Watoto wakicheka kwenye harusi hakuna hasara. Watoto wakicheka wakati Bwana anapigwa mijeledi, kwa sababu katekista wao anapuliza kama bomba la baiskeli, hilo nisingeweza kulibeba.

Majirani walinishauri ning'oe mizizi iliyobaki, yaishe. Daktari wa meno hospitalini alinipiga picha ya eksirei akakataa kung'oa. Alisema mizizi ni mizima, na kung'oa mzizi mzima ni kama kubomoa msingi kwa sababu paa limepeperuka. Akanielekeza mjini kwa daktari bingwa anayetengeneza kofia za meno. Watoto wangu walipopata habari walipigiana simu wenyewe kwa wenyewe, wakaniambia gharama ni yao na nisiulize. Sikuuliza. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yao, nikapanda bajaji kwenda Tabora mjini.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, mwenye barakoa usoni na macho yasiyo na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Karibu ukae. Meno yamefanya nini?"

"Yamefunga Kwaresima," nilisema, na muuguzi aliyesimama pembeni, mama mmoja Mnyamwezi mwenzangu, akacheka.

Daktari alinieleza kila hatua kabla ya kuigusa, na hilo nilimpendea. Kwanza angesafisha mizizi na kuiziba. Kisha angevichonga visiki vya meno viwe vidogo, na juu ya kila kisiki angevika kofia ya kauri iliyotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wangu. Kofia hizo hutengenezwa Dar es Salaam, katika maabara ya meno. Wakati zinatengenezwa ningevaa kofia za muda, za plastiki.

"Zikishakaa zile za kweli," alisema, "utakula, utacheka, utasema. Hutakumbuka kama si zako."

"Zitakuwa tayari kabla ya Ijumaa Kuu?"

Akahesabu kwa vidole. "Tukienda vizuri, mapema sana."

Sindano ya ganzi ilinifanya nihisi mdomo wa juu umekuwa wa mtu mwingine. Nilikwenda mara mbili kwa ajili ya mizizi. Nikiwa nimelazwa kwenye kile kiti, mwanga machoni na mashine ikilia, nilisali rozari kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kila mara aliposema "sasa pumzika" nilikuwa nimefika mahali pazuri. Mara ya tatu alichonga visiki. Kisha akajaza kibakuli cha chuma kwa kitu laini kama ugali wa moto, akakigandamiza kwenye meno yangu ya juu hadi kikaganda, akakitoa na chapa yangu yote ndani yake.

Ndipo aliponiuliza swali ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile.

"Mzee, kofia zako tuzifanye kama meno yalivyokuwa, au tuyapendezeshe?"

Nililelewa na watu wa namna fulani, na wengi wa rika langu katika nchi hii tulilelewa hivyo. Mgeni akikuuliza ule nini, unasema chochote kilichopo. Padri akikuuliza maoni, unasema yeye ndiye anayejua. Fundi unamwachia ufundi wake. Hilo tuliliita heshima, na ni heshima kweli, lakini pia ni uvivu wa kusema unachotaka.

"Wewe ndiye unayejua, daktari," nilimjibu.

Akaandika kitu kwenye karatasi, na karatasi ikasafiri na chapa yangu hadi Dar es Salaam.

Zile kofia za muda zilinisaidia na kunitesa. Nilikunywa uji, nilikula ndizi, nilisema bila upepo. Lakini zilikuwa hazishiki sana, na daktari alinionya nisiziamini. Ijumaa ya mwisho kabla ya mambo haya kufikia kilele, niliongoza Njia ya Msalaba kigangoni. Kwenye kituo cha tisa, Bwana anapoanguka mara ya tatu, nikafungua mdomo kusali na kofia moja ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika hadi kwenye miguu ya watoto wa safu ya kwanza.

Walijitahidi, masikini. Walijiziba midomo kwa mikono. Lakini mmoja alitoa sauti ya pua, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, wala mama zao.

Nje, rafiki yangu wa siku zote, mzee tuliyebatizwa pamoja, alinishika bega. "Ndugu yangu, vituo ni kumi na vinne. Wewe umeongeza cha kumi na tano."

"Nenda zako."

"Nakwenda. Ila ukisoma Mateso, nitakuja na sahani nidake."

Nilicheka naye, lakini ndani nilikuwa nimeumia. Padri wetu, kijana mwenye busara, alinisubiri mpaka watu wametawanyika.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "Mateso yanahitaji mazoezi. Kama meno yenyewe yatakuwa yamekaa kabla ya Jumapili ya Matawi, nafasi ni yako kama siku zote. Kama hayajakaa, nitampa yule binti anayefundisha shule ya msingi. Nisamehe."

Sikuwa na cha kusamehe. Alisema haki. Yule mwalimu wa shule nilimfundisha mimi mwenyewe, tangu hajui kuandika jina lake.

Jumatatu iliyofuata daktari alinipigia simu. Kofia zimefika. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufikia Ijumaa Kuu. Njiani kwenda mjini niliimba kwenye bajaji, na dereva akaniuliza kama nakwenda kuoa.

Daktari alitoa zile za plastiki, akasafisha visiki, akazivika zile mpya bila kuzifunga, ili tuone kwanza zinavyokaa. Akaniambia niume, nikauma. Zilikutana na meno ya chini sawasawa. Akaniambia niseme. Nilikuwa na mistari ya kwanza ya Mateso kichwani, nikaisema. Kila neno lilitoka safi, safi kuliko nilivyowahi kusoma maishani, kama redio.

"Umesikia?" daktari alisema. Hata nyuma ya barakoa niliona anatabasamu. Akanipa kioo.

Nilitazama. Meno yalikuwa meupe kiasi, yamelingana na mengine, kazi ya fundi hodari. Na katikati yake palikuwa pamefungwa.

Mama yangu alikuwa na mwanya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nao. Katika ndugu zangu wote, mimi peke yangu niliurithi. Watu waliotujua mama na mimi walisema hatuhitaji kutambulishwa. Alipokuwa mgonjwa kwa mara ya mwisho, macho yamekwisha kufifia, aliniambia nicheke, nikacheka, naye akanyoosha kidole akaniwekea pale kwenye mwanya, akaridhika kuwa aliyekuja ni mimi. Na sasa niliyemwona kwenye kioo alikuwa mzee mzuri wa mtu mwingine.

"Yamependeza?" daktari aliuliza.

"Mazuri sana, daktari," nilisema. "Nashukuru."

Akageuka kuandaa gundi ya kuyafungia moja kwa moja. Muuguzi hakugeuka. Alikuwa ananitazama.

"Daktari," alisema, "subiri kidogo na hiyo gundi. Mtani wako anataka kulia."

"Mtani wangu?"

"Huyu mzee ni Mnyamwezi, wa hapa hapa. Na wewe si ni Mzaramo?"

Nilinyanyua kichwa kutoka kwenye kiti. "Daktari, wewe ni Mzaramo?"

"Wa Kisarawe kabisa, mzee. Baba na mama."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, wakati babu zetu walipotembea kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani na mizigo ya pembe za ndovu mabegani, wakapita kwenye vijiji vya babu zao. Mtani huwezi kumkosea adabu hata ukitaka. Unamwambia lolote, anakujibu lolote, na mtu hakasiriki. Nilihisi kamba imefunguliwa shingoni.

"Ndiyo maana!" nilisema. "Ndiyo maana mwizi wewe! Babu zako walijificha vichakani wakituibia pembe, na wewe umejificha nyuma ya barakoa ukaniibia mwanya!"

Daktari alisimama na kijiti cha gundi mkononi. Kisha akashusha barakoa, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mwanya gani, Mnyamwezi wewe? Babu zako walifika kwetu, wakapewa nazi, wakaitafuna na kifuu. Huo haukuwa mwanya, lilikuwa pengo la kifuu!"

"Ni mwanya wa mama yangu. Urudishe."

"Si nilikuuliza? Nilikuuliza, tuyafanye kama yalivyokuwa, au tuyapendezeshe?"

"Uliniuliza," nilisema. "Kosa ni langu. Nilidhani wewe ni daktari. Ningejua ni Mzaramo tu, ningesema."

Muuguzi alikwenda kusimama dirishani, mabega yanatikisika.

Daktari alivuta kigoda, akakaa karibu nami, na utani ukaisha usoni mwake. Alisema vijana wengi wanaomjia wanataka mianya izibwe, naye mtu akimwachia uamuzi humfanyia hivyo. Alisema kuurudisha mwanya kunawezekana, lakini si kwa kukwangua. Lazima kofia zitengenezwe upya.

"Mzee, nikuambie ukweli. Nikiyafunga haya leo, umepona leo. Nikiyarudisha Dar es Salaam, siwezi kukuahidi siku. Yanaweza kufika Alhamisi Kuu, yanaweza kufika baada ya Pasaka. Uliniambia una zamu ya kusoma kanisani."

"Ninayo."

"Basi fikiria. Sina haraka."

Alitoka na muuguzi, wakaniacha na kioo.

Nilisali kwanza, maana sijui kuanza jambo kwa namna nyingine. Nikajiuliza kama si majivuno, mzee wa umri wangu kulilia uwazi mdogo kati ya meno mawili. Nikajijibu kuwa huenda ni majivuno. Kisha nikajiuliza lile lingine, ambalo nilikuwa nimelikwepa Kwaresima nzima: na kutaka kusoma, je? Miaka yote ile, nilipokuwa nakaribia mimbari na kitabu kifuani, ndani yangu palikuwa na sauti ndogo inayosema kwamba bila mimi Mateso hayasomeki. Hata wale waliokuja na sauti nzuri niliwakuta na kasoro. Mwanya nilipewa na Mungu kupitia mama yangu, bila kuuomba. Ile nafasi ya kusoma niliishika mwenyewe, nikaikumbatia, nikasahau kuwa niliazimwa.

Haikuchukua muda mrefu. Nilipogonga kwenye mkono wa kiti, daktari aliingia.

"Yarudishe," nilisema.

"Una hakika, mtani?"

"Nina hakika. Na safari hii waandikie kwa wino mwekundu: kama yalivyokuwa."

Akanipima upya. Nilimletea pia picha ya zamani kutoka nyumbani, siku ile ile, nikiwa kijana nacheka, ili fundi asibahatishe. Nikavaa tena zile za plastiki, nikapita kwa padri kabla ya kurudi kwangu mara ya pili.

"Mpe mwalimu," nilimwambia.

Padri alinitazama. "Hujakasirika?"

"Ningekuwa nimekasirika ningekuja na mke wangu."

Mke wangu nilimkuta shambani. Nilimweleza yote. Aliegemea jembe, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeacha kusoma kwa ajili ya mwanya."

"Ndiyo."

"Vizuri. Ule mwanya ndio ulionitongoza. Kusoma kulikuja baadaye." Akaendelea kulima.

Mwalimu wa shule alikuja nyumbani kila jioni ya juma lile, na juma lililofuata. Alikuja na karatasi zake zimepigwa mistari ya rangi, na hofu.

"Babu, nitatetemeka."

"Tetemeka. Lakini tetemeka polepole."

Nilimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Nilimwonyesha kwamba msimulizi haigizi, hasemi kwa hasira penye hasira, anaeleza tu alichokiona. Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Kila tulipofika mahali Bwana anapokata roho, alinyamaza kidogo tu kisha akakimbilia mstari unaofuata.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza. "Bwana amekufa. Huna haraka ya kwenda popote."

"Watu watadhani nimesahau, babu."

"Waache wadhani."

Akajaribu tena, akakimbia tena. Nilimwambia ahesabu hadi ishirini moyoni. Alihesabu hadi nane, niliona midomo yake.

Alhamisi Kuu asubuhi simu ililia. Kofia zilikuwa zimeingia na basi la usiku. Nilikwenda mara moja. Daktari alizivika, akanipa kioo, na safari hii hakuuliza kama yamependeza. Nilicheka kwenye kioo. Palikuwa na mwanya, mwembamba juu, ukifunguka kidogo chini, kama ulivyokuwa. Nilinyanyua kidole nikauweka pale.

"Fundi wa Dar amepiga simu," daktari alisema. "Anasema katika kazi yake yote hajawahi kuambiwa atengeneze uwazi kwa picha."

"Mwambie asante. Mwambie na yeye kama ni Mzaramo, nimemsamehe."

Alizifunga kwa gundi, akanimulika taa kali, akakata kilichozidi. Akaniagiza nisile kitu kigumu mpaka keshokutwa.

"Kesho ni Ijumaa Kuu," nilisema. "Sili kitu."

"Na viazi vikavu?"

"Viko chini ya kitanda cha mke wangu. Siwezi hata kuvikaribia."

Nilipita kanisani nikamkuta padri anapanga madhabahu kwa ajili ya Misa ya jioni. Alipoona meno yangu alipiga makofi.

"Mwalimu! Basi kesho usome. Nitazungumza na yule binti, ataelewa."

Ningesema uongo nikisema moyo haukuruka. Meno yalikuwepo, sauti ilikuwepo, kitabu nilikijua kwa moyo. Lakini nilimkumbuka yule binti na karatasi zake za mistari ya rangi.

"Hapana, baba," nilisema. "Mimi nina mahali pangu pa kusimama. Sijawahi kusimama hapo."

Ijumaa saa tisa nilikaa upande wa wanaume, safu ya nne, karibu na yule rafiki yangu. Alinitazama mdomoni, akaninong'oneza, "Nimeiacha sahani nyumbani."

Mwalimu wa shule alipanda mimbarini. Alitetemeka, na alitetemeka polepole. Sauti yake haikuwa kama yangu. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayewaambia watoto habari mbaya huku akiwaonea huruma. Nilitafuta kasoro kwa mazoea, nikaipata moja, kisha ya pili, kisha nikasahau kutafuta.

Ikafika mahali pa umati. Kwa miaka yote nilipokuwa msimulizi, mahali hapo mimi hunyamaza na watu hupaza sauti mbele yangu, nami husubiri wamalize, nikiwa upande wa kitabu, kana kwamba simo. Sasa nilisimama kati yao. Padri alisoma ya Kristo, Pilato akauliza, na sisi sote tukajibu kwa nguvu tukitaka asulubiwe. Neno la kwanza nililolitamka katika Mateso kwa meno yangu mapya lilikuwa hilo. Lilitoka na kimlio chembamba kupitia mwanya, kama lilivyotoka kila neno langu tangu utoto, na lilikuwa sauti yangu mwenyewe, siwezi kusema ilikuwa ya mwingine. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo kwa miaka mingi, kwamba umati ule ni sisi. Nilikuwa nimelifundisha nikiwa nimesimama pembeni.

Tukafika penye kifo. Mwalimu alisoma mstari, akanyamaza, tukapiga magoti.

Nilianza kuhesabu bila kukusudia. Nane ikapita. Ishirini ikapita. Hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja alianza kulia mgongoni mwa mama yake, akanyamaza mwenyewe. Nje jogoo wa padri aliwika. Kimya kile kiliendelea mpaka nikaacha kuhesabu, na katika maisha yangu yote, mimi msimulizi hodari, sikuwahi kuthubutu kuwapa watu kimya kirefu namna ile. Kisha sauti nyembamba ikaendelea.

Baada ya kuubusu msalaba tulitoka kimya kimya, kama ilivyo desturi ya siku hiyo. Mwalimu alinifuata hadi kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Niambie nilipokosea."

"Mahali pawili, padogo. Tutazungumza baada ya Pasaka. Lakini ule ukimya, mwanangu, penye kifo. Mimi sijawahi kuufanya vizuri hivyo. Nani alikufundisha?"

Alitazama chini, akafinya zile karatasi.

"Babu, nilipoteza mstari."

"Ulipoteza nini?"

"Mstari. Machozi yalijaa nikawa sioni kitu. Nilikuwa nautafuta wakati wote ule. Nilidhani nimeharibu Mateso, nikasema leo babu ataniua."

Nilikuwa sijawahi kucheka Ijumaa Kuu, tangu nizaliwe. Kwaresima nzima nilikuwa nimekiogopa kicheko, na sasa kilinitoka mimi, kwa mdomo wazi, nimeshika ukuta. Yule binti naye akaanza kucheka huku analia. Watu waligeuka. Mke wangu alikuwa upande wa pili, kati ya akina mama, na nilimwona ananitazama kwa macho ya kunionya, kwa sababu ya siku yenyewe. Kisha akatazama vizuri, akaona meno yote mawili na kile kilichokuwa kati yake, akaziba kicheko chake kwa kanga.